Mtoto wa miaka minne na wa mwaka na nusu: tivi saa ngapi kwa siku?

Mama Wawili, Majengo

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Naomba mnisaidie bila kunisimanga, maana dadangu wa Nairobi keshanisimanga vya kutosha.

Nina watoto wawili. Msichana ana miaka minne, yuko PP1 (chekechea), anarudi nyumbani saa sita na nusu. Mvulana ana mwaka na nusu, ndio kwanza miguu imekolea. Tunakaa ghorofa ya tatu hapa Majengo, Mombasa. Uwanja hakuna, baraza hakuna, ukifungua mlango ni ngazi. Kazi yangu ni mapishi: alfajiri nakaanga mahamri ya kupeleka madukani, jioni viazi karai na bajia nauza hapo chini. Sasa nyinyi niambieni, karai la mafuta linatokota na mtoto wa mwaka na nusu anazurura miguuni. Ndipo ninapowasha tivi. Ikiwaka, wote wawili hutulia mkekani tuli nami namaliza kazi yangu.

Shida ni kwamba ikishawashwa haizimwi. Nikiepua mahamri ya mwisho, mavyaa wangu (tunakaa naye, Mungu amuweke) keshashika rimoti, yuko na tamthilia zake za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Moja ikiisha yaingia nyingine. Mchana katuni, magharibi taarifa ya habari, baba yao akirudi ni mpira. Hata pasipokuwa na mtu sebuleni, yenyewe yaongea peke yake.

Msichana sasa hali bila katuni. Tonge liko mkononi mwangu, mdomo kaufumba, mpaka awekewe simu mbele ya sahani. Halafu ameibuka na Kiingereza cha puani, ndicho anachomjibia bibi yake, na bibi mwenyewe Kiingereza hajui, basi wanabaki kutazamana. Yule mdogo ndiye anayeninyima usingizi zaidi: maneno yake ni "mama" na "maa" ya kutaka maji, basi. Dadake umri huo alikuwa akiimba.

Dadangu asema nisiwashe kabisa. Mume wangu asema yeye kakulia mbele ya tivi na hana kasoro (hapo nilinyamaza). Ukweli ni upi? Nipeni nambari nimwonyeshe mtu.

Baba Pacha, Mikindani

Dada, kabla ya habari ya saa, hiyo tivi imekaa juu ya nini? Kama iko juu ya stuli au kabati jepesi, mwambie mzee aifunge ukutani wiki hii. Mtoto wa umri huo huvuta waya, hupanda droo, hushika ukingo ajiinue, na hizi tivi bapa za siku hizi hupinduka kwa mbele. Breketi na skrubu zake utapata Mwembe Tayari, na fundi wa kutoboa ukuta hakosekani.

Kuhusu saa: mimi nina pacha wa miaka mitano na nafanya kazi za zamu bandarini, kwa hiyo kuna siku nalala mchana na wao wako macho. Kwetu hatuhesabu dakika. Mtoto wa miaka mitano umwambie "dakika thelathini" haelewi chochote, atakuuliza kila mara kama zimeisha. Mwambie "kipindi hiki kikiisha tunazima". Kipindi kina mwanzo na mwisho, wimbo wa kufunga ukiimbwa hata yeye mwenyewe anajua. Wangu wana vipindi viwili wakitoka chuoni (madrasa), na anayebonyeza kitufe cha kuzima ni wao kwa zamu. Hapo tulimaliza vilio, maana sasa wanagombania nani azime.

Ubaya uko kwa YouTube. Ile haina mwisho: video moja ikiisha nyingine yajileta, na ya tatu huwa huijui imetoka wapi. Ingia kwenye mipangilio uzime ule uchezaji wa kujiendeleza. Wangu walianza na wimbo wa alfabeti, niliporudi kutoka msalani walikuwa wanatazama jitu zima likifungua mayai ya plastiki.

Ila nitasema wazi, hizo nambari za wataalamu zimeandikwa na watu wenye bustani nyuma ya nyumba. Kaskazi hii, saa saba mchana, utamtoa mtoto umpeleke wapi? Hata paka wamejificha chini ya magari.

Mwalimu wa Chekechea, Tudor

Mama Wawili, nambari ipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019 kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano. Kabla ya mwaka mmoja, hakuna skrini. Mwenye mwaka mmoja, hakuna vilevile. Wa miaka miwili, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wa mitatu na minne, hivyo hivyo. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema karibu maneno hayo hayo mwaka 2016, ila wao waliruhusu simu ya video hata kwa mtoto mchanga, kwa hivyo kama mna shangazi Uarabuni apigiwe tu amwone mtoto. Kwa hesabu hiyo msichana wako ana saa moja na mvulana hana kitu. Mwonyeshe huyo mtu.

Lakini watu huishika hiyo saa moja wakaacha mengine yaliyo kwenye mwongozo huo huo. Mwongozo unataja pia usingizi: mtoto wa miaka mitatu na minne alale saa 10 hadi 13 kwa jumla, wa mwaka mmoja na miwili saa 11 hadi 14, ule wa mchana ukihesabiwa humo. Na kuanzia mwaka mmoja, viungo vichangamke dakika 180 kwa siku, na akifika mitatu, dakika 60 katika hizo ziwe za kumtoa jasho. Ukiyapanga haya yote ndani ya saa 24, ukaongeza shule, chuo, kuoga na kula, utaona hiyo saa moja ndiyo iliyobaki.

Usingizi nautaja kwa makusudi, maana ndio ninaouona kila siku darasani. Saa nne ni wakati wa uji. Yuko mtoto ambaye kikombe hakimfiki mdomoni, kichwa kinakwenda mbele, uji unamwagika kifuani, akishtuka analia. Ukimuuliza mzazi, utaambiwa alilala saa tano usiku, tivi ilikuwa inawaka na yeye yuko humo humo. Huyo hata nikimfundisha herufi kwa ngoma na zumari hatashika kitu. Nyumbani huenda katuni aliziona nusu saa tu, zilizobaki zilikuwa habari na mpira wa wakubwa, lakini usingizi umeshaliwa.

Ndiyo maana hiyo tivi inayoongea peke yake mimi naiogopa kuliko katuni. Watafiti waliokaa wakatazama watoto wakicheza chumbani na tivi ikiwaka pembeni waliona mchezo wa mtoto hukatikakatika: anashika kitu, sauti inamvuta, anageuka, akirudi keshasahau alikuwa anajenga nini. Na mzazi naye hupunguza maneno. Akiulizwa jambo hujibu "mmh". Mtoto wa mwaka na nusu chakula chake cha lugha ni yale maneno anayoambiwa yeye, akitazamwa usoni, kuhusu kitu anachokigusa. Hayo yakipungua, sauti zinazotoka sebuleni hazimfidii.

Wengine huniuliza, mbona tivi nayo inaongea, si atajifunza humo? Kuna jaribio mashuhuri lililofanywa Marekani miaka ya 1990. Watoto wa miaka miwili walioneshwa mtu akificha mwanasesere chumbani, kisha wakaambiwa waingie wamtafute. Waliochungulia kupitia dirishani walikwenda moja kwa moja wakamtoa. Walioona jambo lilo hilo kwenye tivi, wengi waliingia wakababaika. Umri huo, kinachotokea kwenye kioo hakijaungana na chumba alichomo. Akifika mitatu, minne, mambo hubadilika, na kipindi kizuri kinamfaa kweli, hasa akiwa na mtu wa kumuuliza "huyu kafanya nini? na wewe ungefanyaje?" Kama wahofia Kiingereza cha puani, mtafutie vya Kiswahili. *Akili and Me* ya Ubongo wa Dar es Salaam ni ya umri wake hasa, na kituo cha Akili Kids kiko hewani tangu 2020 bila malipo ya mwezi.

Tuje kwenye karai, na hapa mimi na dadako tunaachana njia. Mafuta yanayotokota yanaunguza leo hii, na kuungua kwa mtoto si jambo la kulinganisha na katuni. Kama huna mtu wa kukushikia, washa tivi. Ila ile saa moja ya msichana iweke hapo hapo, jioni wakati wa bajia, wala usiitumie ovyo asubuhi kwenye mlo na mchana kwa kukosa la kufanya. Alfajiri hawana haja ya kuamka, waache walale. Na mvulana usimtegemeze tivi peke yake, maana siku moja atachoka atazame jikoni. Mwite seremala akupigie kibao cha kuzuia mlangoni pa jiko, kimfike mtoto kifuani, wewe ukiruka. Si gharama kubwa, na utamsemesha kutoka jikoni huku akikuona.

Simu kwenye chakula ikome kwa mara moja, usimpunguzie kidogo kidogo. Atagoma. Mtoto mzima wa afya hafi kwa njaa mbele ya sinia. Kaeni chini pamoja, wewe ule, usimbembeleze, muda ukiisha ondoa. Ajue mlo mwingine unakuja baadaye.

Na maneno ya mvulana, tafadhali usimsubirie wala usiitwishe tivi lawama yote. Miezi 18 ni wakati wa chanjo yake ya pili ya surua na rubela, basi utakwenda kliniki. Chukua kile kitabu chake, mwambie muuguzi maneno aliyonayo ni mangapi, na uombe apimwe masikio. Mtoto asiyesikia vizuri hutulia mbele ya tivi vilevile, na watu wakadhani ni mpole. Ukiambiwa "wavulana huchelewa kusema, mwache", itikia kwa adabu kisha nenda.

Baba Pacha, Mikindani

Mwalimu nimekukubali kwa mengi, ila hizo dakika 180 nifafanulie. Saa tatu nzima za mtoto kukimbia, ghorofa ya tatu, Majengo?

Mwalimu wa Chekechea, Tudor

Si mfululizo na si mbio zote. Kutembea kwa miguu kwenda na kurudi shule kunaingia. Kupanda zile ngazi umemshika mkono kunaingia. Kukatika ngoma jikoni, kubeba mito kutoka chumba hiki hadi kile, kufua leso yake kwenye beseni, vyote vimo. Mbio za jasho wape kuanzia saa kumi na moja jua likipoa: uwanja wa Makadara si mbali na kwake, na Jumapili kuna Mama Ngina, watoto wanakimbia pale kando ya bahari mpaka wanaomba wenyewe kurudi nyumbani. Saa saba mchana ya kaskazi mimi pia sitoki, huo ndio wakati wa kulala.

Bi Mkubwa, Kibokoni

Nimesoma yote nimenyamaza, lakini naona mavyaa hatatoka salama humu.

Mwanangu Mama Wawili, yule mama yuwatazama Waturuki kwa kuwa hana wa kuzungumza naye. Wewe uko karaini, mwanawe yuko kazini, mjukuu amjibu Kiingereza. Afanyeje, atazame ukuta? Na tivi hakuinunua yeye, aliikuta.

Zama zetu, enzi za Sauti ya Kenya (kituo cha serikali), tivi ilikuwa kwenye nyumba moja mtaani. Twaketi chini sebuleni kwa watu, viatu mlangoni. Yafunguliwa jioni, na usiku yafungwa kwa wimbo wa taifa, kila mtu kwao. Hakuna mzazi aliyehesabu saa, serikali ilituhesabia. Sasa imekuwa kazi yenu, na kazi hiyo ngumu, sikatai.

Lakini bibi mnaye ndani ya nyumba na hamumtumii. Huyo mtoto asiyesema, mpe bibi yake. Jioni wewe wakaanga, yeye akae naye chumbani kwake mlango umefungwa, achague mchele kwenye ungo, mtoto apewe kifuu na mwiko agonge. Asemeshwe: "huu mchele, hii chuya, chuya twaitupa." Mtoto yuwataka kusemeshwa hata jambo la upuuzi. Na huyu mkubwa atolewe hadithi usiku. Ukimwambia "Paukwa" lazima aitike "Pakawa", asipoitika hadithi haiendi. Tivi yasema paukwa yake ikaendelea zake, haijali kama mtoto kaitika au kasinzia. Mjukuu wangu wa mwisho Kiswahili nilimpa hivyo, na mamake Kiingereza akampa kivyake, havikugombana.

Na tamthilia msimnyime. Hurudiwa mchana. Watoto wakilala saa nane, mwacheni naye apumzike na Waturuki wake.

Mama Wawili, Majengo

Ahsanteni, wallahi mmenifaa. Bi Mkubwa nimekusomea sauti ya juu mavyaa wangu akisikiliza, kacheka mpaka kajipangusa machozi. Kasema la ungo na mchele akubali, lakini tamthilia ya asubuhi hairudiwi mchana, hurudiwa usiku wa manane, kwa hiyo tumeafikiana ile moja tu atazame asubuhi mkubwa akiwa shuleni, na mdogo nishuke naye kupeleka mahamri. Hizo nyingine kaziacha mwenyewe, asema siku hizi zote ni kulia tu.

Kliniki nakwenda wiki ijayo. Nimejaribu kumwita mdogo kwa nyuma bila anione, kwa sauti ya chini, kageuka. Bado nitaomba apimwe.

Simu kwenye mlo imeondoka. Leo chakula cha mchana kala pweza wa nazi bila wali, kesho labda atakula wali bila pweza. Sijali.

Lililobaki ni hili, na sikulitaja mwanzo. Nyumba yetu ni chumba kimoja cha kulala, kijichumba cha mavyaa, na sebule. Watoto hulala sebuleni, godoro twalilaza chini usiku. Tivi iko hapo hapo. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki zaanza saa tano usiku, na mume wangu ni mtu wa mpira, si mtu wa maneno mengi. Mwalimu, ule usingizi wa saa kumi uliouandika nautoa wapi?

Baba Pacha, Mikindani

Kwa hilo naomba nijibu mimi kama mwanamume mwenzake. Majengo nzima mabanda ya kuonyesha mpira yamejaa. Mpira wa peke yako sebuleni, umepunguza sauti, huwezi kupiga ukelele bao likiingia, una raha gani huo? Mtume banda. Atarudi mechi imeisha, watoto wamelala.

Bi Mkubwa, Kibokoni

Umtume mume nje saa tano za usiku, halafu uje huku utuandikie shida nyingine. Apewe visikilizio vya masikioni atazame kwa simu.

Mwalimu wa Chekechea, Tudor

Wageuzeni vyumba. Siku za mechi watoto walale kitandani kwenu toka saa mbili, mlango umefungwa, na mpira ukiisha baba mwenyewe awabebe awarudishe kwenye godoro. Wa miaka minne akishazama usingizini habebeki kirahisi, ni mzito kama gunia la viazi, na baba akimbeba mara kadhaa usiku wa manane nadhani mechi nyingine atazipunguza mwenyewe. Siku zisizo na mpira, tivi izimwe saa moja kabla ya kulala, taa kubwa izimwe, hadithi ya bibi ianze.

Na Bi Mkubwa, uwie radhi, ule mchele wa kuchagua asiachiwe mwenyewe yule mdogo. Umri huo kila kitu ni puani au mdomoni.